Jiwe la Ziada

Katika ofisi ya upimaji ardhi, chumba cha kuchorea ramani kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, na mlango wake ulikuwa haufungi mpaka usukumwe kwa goti. Ndani mlikuwa na kompyuta kumi na moja na feni mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisimamia. Humo ndimo alimofanya kazi mwanamke waliyemwita Rula. Jina hilo alipewa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu mistari yake ilikuwa haipindi. Kufikia mwaka wa kumi na nne hata mwandika mahudhurio alikuwa akiandika Rula kwenye daftari, na yeye akitia sahihi mbele ya jina hilo bila kuona ajabu.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nje, angekupa pole. Ramani za zamani, zilizochorwa kwa wino kwenye karatasi pana, zilipigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Mchoraji aliifungua picha hiyo akaifuata kiwanja kwa kiwanja. Kila penye jiwe la mpaka, karatasi ilionyesha kiduara kidogo. Unapeleka kipanya juu ya kiduara, unabofya mara moja, unakwenda kona ya pili, unabofya, mpaka unarudi ulikoanzia na kiwanja kinafunga. Karatasi moja ilikuwa na viwanja mia tatu, na makabati yalikuwa na karatasi zisizo na idadi. Siku moja ya mvua, umeme umekatika, Rula alipiga hesabu akapata kwamba kidole chake cha shahada kilikuwa kimebofya karibu mara milioni moja tangu aajiriwe. Akawaambia wenzake, wakacheka, naye akacheka nao. Kidole, ambacho ndicho kilikuwa na haki ya kusema, hakikuulizwa.

Sheria ya chumba ilikuwa moja. Kabla ya kubofya, kuza picha mpaka kiduara cha jiwe kiwe kikubwa kama kifungo cha shati, ndipo uone unabofya wapi. Sheria ilikuwa nzuri, ila aliyeitunga hakuwa mchoraji. Kukuza picha ni kuisogeza, na kuisogeza ni mkono kwenda na kurudi kutwa nzima, kifundo kikisugua ukingo wa meza. Meza zenyewe zilikuwa za juu mno kwa viti vile. Watu wote kumi na mmoja walifanya kazi mabega yakiwa karibu na masikio, kama watu wanaosubiri kupigwa.

Ganzi ilianza kwa adabu. Asubuhi Rula aliamka na vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, vikimchomachoma kwa ndani. Akavikung'uta, vikatulia, akaenda kazini. Baada ya miezi michache vilikuwa havitulii mpaka saa nne. Kisha akaanza kuangusha vitu. Kikombe cha kwanza alisingizia sabuni, cha pili akasingizia mpini, na cha tatu mama yake akakifagia bila kuuliza kitu.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani mstaafu, na waliishi pamoja, wao wawili, katika nyumba ya vyumba vitatu. Miaka thelathini ya kushona ilikuwa imemwachia mgongo mbovu na macho yanayoona kila uzi uliolegea. Asubuhi moja alimkuta binti yake chumbani amesimama mbele ya kioo, blauzi wazi, anahangaika na kifungo cha pili.

"Njoo," mama alisema.

Rula akaenda. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, akafungwa vifungo na mama yake kuanzia chini mpaka shingoni, kama alivyofungwa siku ya kwanza ya shule.

"Nenda hospitali," mama akasema alipomaliza.

"Ni uchovu tu, mama."

"Uchovu unalala ukaamka umekwisha. Huu unalala ukaamka umenenepa. Nenda."

Akaenda, ila si kwenye zahanati ya ofisini ambako karani wa dirishani ni shemeji ya mtu. Alikwenda upande wa pili wa mji, kwa daktari mwanamke mwenye sauti ya chini, ambaye alimpa kipande cha karatasi abane kati ya gumba na kidole cha shahada. Daktari akakivuta. Kikatoka bila ubishi.

"Hukubana," daktari alisema.

"Nimebana."

Daktari hakubishana naye. Aligeuza kiganja juu, akakandamiza katikati ya kifundo kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kimoyomoyo akitazama saa ya ukutani. Kabla nusu dakika haijaisha Rula alikuwa anauma mdomo. Ndipo akaelezwa. Hapo kwenye kifundo pana njia nyembamba, na humo hupita kano zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikitumika bila kupumzika huvimba, na njia haipanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ule mshipa, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote.

"Wiki sita usishike kipanya kwa mkono huu," daktari alisema. "Nitakupa bandeji yenye ubao, uivae hata ukilala. Kazini wakushushie meza au wakupandishie kiti. Isipopoa tutapasua, na si upasuaji mkubwa. Ila usichelewe. Unaiona hii nyama chini ya gumba?"

Rula akatazama. Akalinganisha na mkono wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa pameingia ndani kidogo.

"Ikiisha hiyo, hairudi," daktari alisema. "Na hisia pia. Ukiwahi zinarudi. Ukichelewa sikuahidi kitu."

Akamwandikia barua ya kumpa mwajiri. Rula akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba, kwenye mfuko wenye zipu.

Barua ile haikutoka. Si kwamba aliisahau. Miaka mitatu nyuma mchoraji mwenzake, dada mmoja mcheshi sana, alileta barua ya namna hiyo hiyo kuhusu bega. Ofisi ikamwonea huruma, ikampeleka chini kwenye dirisha la mapokezi agonge mihuri, na huko akabaki. Zaidi ya hapo, msimamizi wa chumba alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na hakukuwa na mtu ambaye hakujua nani atakaa kwenye kile kiti chake cha dirishani. Rula alikuwa amekitamani kiti hicho kwa miaka, na hakuona haya kujiambia hivyo. Miezi minane tu. Akajikaza kisabuni. Bandeji aliivaa nyumbani, na ofisini aliivua ngazini, kabla ya kufika ghorofa ya pili.

Kisha akagundua njia. Badala ya kukuza picha kwa kila jiwe, aliiacha ndogo, mstari mzima wa viwanja ukienea kwenye skrini kwa mara moja. Mkono haukuwa na haja ya kusafiri tena. Kipanya kilisogea upana wa vidole viwili, bofya, vidole viwili, bofya. Kiduara cha jiwe sasa kilikuwa kama mbegu ya ufuta, lakini macho yake yalikuwa mazima na uzoefu alikuwa nao. Maumivu yakapungua. Akawa anamaliza karatasi siku moja na nusu mapema kuliko kawaida yake. Na penye mashaka, ambapo mchoraji anapaswa kuinuka, kwenda kabatini, kuvuta droo nzito na kuitazama karatasi yenyewe kwa lenzi, aliacha kuinuka. Droo zile zilimuumiza kuliko kitu chochote.

Mkaguzi wa ramani akawa anampa mifano. Huyu alikuwa mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kuonea kompyuta na moja ya kuonea watu, na mara nyingi alisahau kubadilisha, ndiyo maana alikuwa akiwakazia watu macho mpaka wanajitazama nguo. "Mtazameni Rula," alikuwa akiwaambia wachoraji vijana. "Mwaka wa kumi na nne na bado anaongeza mwendo." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Rula hakuona kama anatia maji. Aliona anatafuta nafuu.

Kumbe kidole kilikuwa na mambo yake. Kidole kisichohisi hakijui kama kimebonyea au bado. Mara nyingine kilibofya, kikatetemeka, kikabofya tena, na kati ya bofyo la kwanza na la pili kipanya kilikuwa kimeteleza unywele mmoja. Kompyuta haijui kutetemeka. Ilihesabu mawe mawili. Picha ikiwa ndogo, mawe hayo mawili yalionekana moja. Na ramani haina huruma na unywele, kwa sababu unywele mmoja kwenye skrini ni karibu mita mbili kwenye ardhi ya watu.

*

Mwalimu mstaafu alianza kuonekana ukumbini mwezi wa nane. Alikuwa mwembamba, kola yake imepigwa pasi, bahasha ya kaki magotini. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkaguzi kila Jumatatu tangu saa mbili asubuhi, akasimama kila mtu alipopita, akaketi tena. Rula alimpita mara nyingi. Aliitikia salamu yake kama anavyoitikia salamu za watu wa kwenye benchi, bila kupunguza hatua.

Jumatatu ya tatu mkaguzi alimwita ndani.

"Karatasi namba arobaini na saba ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Hebu tazama hii kona." Mkaguzi alimgeuzia skrini. "Hapa pana mgogoro. Mwenye duka la vipuri anataka kujenga ukuta. Wapimaji wamekwenda na ramani yako, ramani inasema kona ina mawe mawili, mita moja na themanini kati yao. Wamechimba, wamepata moja. Lile la pili lingekuwa upande wa jirani, pale alipopanda ua wa michongoma. Sasa mwenye duka anasema jirani aling'oa jiwe akala ardhi yake. Na jirani ndiye huyo mzee hapo nje."

Rula aliitazama kona. Kwenye picha palikuwa na kivuli cheusi, alama ya mahali karatasi ilipokunjwa kwa miaka kabla haijanunuliwa kabati.

"Karatasi yenyewe inasemaje?" akauliza.

"Karatasi yenyewe." Mkaguzi akacheka kwa pua. "Vijana waliitoa wakaifungua kwa pupa, pale penye kunjo pakawabaki mikononi. Pana tundu sasa. Mtu wa mwisho kuiona ikiwa nzima ni wewe. Uliona mawe mangapi?"

Swali lilikuwa dogo, na angeweza kujibu kwamba hakumbuki, kwa kuwa hakuinuka kwenda kabatini siku ile. Lakini kusema hivyo ni kuulizwa kwa nini hakuinuka. Mkoba ulikuwa begani, na barua ndani yake.

"Kama nimechora mawili," Rula alisema, "basi niliona mawili."

"Ndivyo nilivyojua," mkaguzi akasema, akabadilisha miwani. "Rula hakosei. Mzee atajieleza kwa maandishi. Asipoeleweka mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, faili linakwenda polisi. Kung'oa jiwe la upimaji si mchezo."

Alirudi mezani akaendelea kuchora, akaharibu kiwanja kimoja, akakifuta. Akaharibu kingine. Ndipo akafungua karatasi arobaini na sita, aliyoimaliza wiki moja kabla ya ile, akaikuza picha mpaka kiduara kikawa kama kifungo cha shati. Kona ya kwanza, jiwe moja. Ya pili, moja. Ya tisa, mawili, yamebebana kama pacha. Akaenda kona kwa kona mpaka saa ya kutoka ikapita. Kwenye karatasi nne alizochora kwa njia yake mpya, akapata mawe kumi na tisa ambayo hayakuwahi kuzikwa na mtu yeyote mahali popote.

Aliogopa. Kesho yake akayafuta mawe kumi na manane, moja baada ya jingine, na hakuna aliyejua. Lile la kumi na tisa alishindwa. Kwa ajili ya ule mgogoro, karatasi arobaini na saba ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri na kufungwa kabla ya nyingine, na mwenye kuifungua alikuwa mkaguzi peke yake.

Mtu angefikiri kwamba jambo kama hili linamnyima mtu usingizi. Rula alilala vizuri tu siku mbili. Alijipa sababu: labda kweli yalikuwapo mawili, nani ajuaye, na tundu haliwezi kutoa ushahidi. Pengine mzee ataeleweka. Watu wa ofisini huwa hawapendi kupeleka mafaili polisi, yana kazi nyingi.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alisimama kama kawaida, na safari hii hakuketi.

"Binti yangu, samahani," alisema. "Wewe ni wa humu ndani. Hebu nisomee hapa." Akaitoa barua kwenye bahasha na kuweka kidole chini ya mstari. "Uharibifu wa alama ya upimaji. Nimefundisha lugha miaka thelathini na mbili. Kila neno hapa nalijua. Ila nataka nisikie mtu wa ofisi akisema. Maana yake wananiita nani?"

Rula aliusoma ule mstari ingawa aliujua. "Wanadhani uling'oa jiwe, Mwalimu."

"Basi ni mwizi." Alisema bila kupandisha sauti, akaikunja barua kwa mkunjo wake ule ule. "Yule mwenye duka nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa anakaa mbele kwa sababu haoni vizuri. Juzi amenipita mlangoni kwangu, hakunisalimia. Na mke wangu sasa anatuma mtu dukani, haendi mwenyewe. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza, labda niliwahi kung'oa nikasahau. Mtu akiambiwa sana, anaanza kujitafuta."

Rula alisema pole, akaingia ndani akisukuma mlango kwa goti.

Jioni hiyo mama alikuwa anamfungua vifungo, kwa kuwa kufungua nako kulikuwa kumemshinda, na Rula akamweleza yote, kuanzia barua ya daktari mpaka jiwe la kumi na tisa. Mama alisikiliza akiendelea na kazi yake. Alipofika kifungo cha mwisho akasimama.

"Mimi nilipomshonea mtu suruali ikambana, nilifumua," alisema. "Sikumwambia apunguze tumbo."

"Watanitoa mle chumbani, mama."

"Watakutoa." Mama akaikunja blauzi. "Nipe hiyo bandeji nikufunge."

*

Jumatano asubuhi Rula alipanda ngazi bila kuivua bandeji. Aliingia kwa mkaguzi, akaweka barua ya daktari juu ya meza. Tarehe yake ilikuwa ya miezi minne nyuma.

"Karatasi arobaini na saba, lile jiwe la pili halipo," alisema. "Ni kidole changu kilichobofya mara mbili. Picha ilikuwa ndogo, sikuona. Na kabatini sikwenda."

Mkaguzi aliisoma barua, akabadilisha miwani, akamsoma yeye.

"Rula. Unamwonea huruma yule mzee."

"Namwonea huruma, ndiyo. Lakini jiwe halipo."

"Wewe unabofya tangu hawa vijana wako shule ya msingi. Mtu hawezi kubofya mara mbili asijue. Kidole ni chako."

"Nipe kompyuta yako," Rula alisema.

Akavua bandeji, akavuta kiti. Akafungua karatasi tupu, nyeupe, isiyo na kiwanja hata kimoja. Akashika kipanya, akafumba macho.

"Nitabofya mara ishirini," alisema. "Nitahesabu kwa sauti. Wewe usiniambie kitu."

Akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu polepole, kwa sauti ya mtu anayegawa vitu, na kila namba akabofya mara moja, au ndivyo alivyoamini. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Mlangoni wachoraji wawili walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Rula akaachia kipanya, akabaki amefumba.

"Ngapi?"

Mkaguzi alisikika akivua miwani, akivaa nyingine, akisogeza kiti karibu na skrini.

"Ishirini na saba," alisema hatimaye.

Rula akafumbua macho. Alikuwa amejiandaa kusikia ishirini na moja, au na mbili kwa kuzidi sana. Aliyatazama yale madoa saba ambayo hakuyaweka, mengine yamelaliana na mengine yamejitenga pembeni, na kwa mara ya kwanza aliuogopa mkono wake.

"Rudia," mkaguzi akasema, akionekana kutaka sana isiwe kweli.

Akarudia. Ikawa ishirini na tano.

Rula akamtajia na yale mawe mengine kumi na manane, na mkaguzi akaandika muda mrefu. Alipomaliza alimwambia kwamba kumi na manane aliyoyafuta kimya kimya yatahitaji ripoti yake mwenyewe, kwamba wachoraji wote watapimwa mikono kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba kiti cha msimamizi, anaelewa mwenyewe. Rula akasema anaelewa. Kisha mzee yule, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumuuliza habari isiyo ya ramani, akamuuliza kama inauma.

"Ilikuwa inauma," Rula alisema. "Sasa haiumi tena."

Alidhani anatoa habari njema. Daktari wa sauti ya chini ndiye aliyemweleza, siku tatu baadaye, akiwa anamchoma vidole kwa ncha ya pini na yeye ametazama pembeni asijue anachomwa kipi, kwamba maumivu yakiondoka namna hiyo si kupona. Walimpasua wiki iliyofuata. Kidonda kilifunga vizuri, mshono mfupi kama wa kurefusha mkono wa shati, mama akaukagua akasema umeshonwa na mtu anayejua. Nyama chini ya gumba haikurudi. Hisia, daktari alisema, wasubiri mwaka mmoja waone.

Baada ya likizo wakampeleka chini, dirisha la mapokezi, akakaa pamoja na yule dada mcheshi wa bega. Mihuri aligonga kwa mkono wa kushoto, na mwezi wa kwanza iligongwa mingi kichwa chini.

Mwalimu aliitwa kuchukua barua yake siku ya Alhamisi. Ilisema kwamba ramani imesahihishwa, kwamba kona ina jiwe moja tu, na kwamba ofisi inasikitika. Rula aliipitisha chini ya kioo pamoja na daftari. Mwalimu aliisoma yote amesimama, akarudi juu, akaisoma tena, kisha akatia sahihi kwa mwandiko wa ubaoni.

"Wamesema aliyekosea amejisema mwenyewe," alisema. "Ningependa kumwona. Yuko ghorofa ya pili?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama kupitia kioo. Sura yake ilipita katika mambo kadhaa, na Rula hakuinamisha macho, kwa kuwa aliona hayo angalau anadaiwa.

"Ulinisomea barua," Mwalimu alisema. "Pale ukumbini. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Wiki tisa," Mwalimu alisema. "Wiki tisa mke wangu hatoki nje."

"Ndiyo, Mwalimu."

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kukohoa. Mwalimu aliiweka barua ndani ya bahasha ya kaki, akaifunga. Alionekana kama atakwenda zake. Kisha akazunguka upande, mahali dirisha lilipoishia na mlango mdogo wa mbao ulipoanzia, akanyoosha mkono juu ya mlango ule.

Rula akasimama, akampa wa kulia. Alifanya hivyo kwa mazoea. Aliona vidole vya mzee vikijifunga juu ya vyake, aliona ngozi ikikunjamana, na Mwalimu akawa anamwambia kitu taratibu, kwamba wapo wengi ambao wangenyamaza, kwamba atamweleza mke wake hivyo hivyo. Rula alisikiliza akimtazama usoni, maana mtu anayekusamehe humtazami mikono. Aibu ilimjaa, na ndani ya aibu palikuwa na furaha, na hakutaka kuwa wa kwanza kuachia. Akasubiri Mwalimu aachie.

Alisubiri mpaka Mwalimu akamaliza maneno yake, akanyamaza, akaanza kumtazama kwa namna ya kuuliza. Ndipo Rula akainamisha macho. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango mdogo peke yake, vidole vimekunjika hewani, na Mwalimu alikuwa ameshika bahasha yake kwa mikono yote miwili.